Mwongozo kwa Dereva wa Basi la Abiria, Njia ya Bunda–Kisorya

Mwongozo huu ni kwa dereva wa haisi au kosta kati ya Bunda na Kisorya, awe anageuzia gatini au anavuka na pantoni kwenda Rugezi, Ukerewe. Dereva wa daladala wa Musoma mjini naye atakuta mengi yanayomhusu. Haufundishi kuendesha, kwa sababu anayeusoma anajua tayari. Unahusu yale yanayomfanya mtu anayejua kuendesha aendeshe vibaya, na kubwa kati ya hayo ni hesabu.

Utaratibu unafahamika. Asubuhi unakabidhiwa gari, jioni tajiri anataka kiasi mlichokubaliana, ndiyo hesabu. Mafuta, ushuru wa stendi, mpiga debe, pancha na chakula vinatoka humo humo, na kinachobaki mnagawana na kondakta. Siku ya mnada mambo huwa mazuri. Siku ya mvua, au pantoni ikiharibika, abiria hawapo lakini hesabu iko pale pale. Hapo ndipo mguu unapokuwa mzito kwenye mafuta, watu wanabananishwa, mwanafunzi anaachwa kituoni kwa sababu nauli yake ni ndogo, na waliosimama wanaambiwa "inameni, trafiki huyo." Trafiki akikuandikia faini yuko kazini kwake. Lakini faini hiyo haimgusi aliyepanga hesabu.

Jambo hili si la Mara peke yake. Kule Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, madereva walikuwa wakilipwa kwa idadi ya abiria na wakifukuzana barabarani kugombea vichwa, hali ambayo mji ulianza kuibadilisha kwa mfumo wa TransMilenio mwishoni mwa mwaka 2000. Dar es Salaam, mabasi yaendayo haraka yalipoanza Mei 2016, abiria walianza kulipa nauli kituoni kabla ya kupanda. Dereva hashiki pesa, basi hana haja ya kumuwahi mwenzake kwenye kituo kinachofuata. Huku kwetu hatuna mwendokasi, lakini kuna jambo moja la mfumo ule linalowezekana hata kwa mwenye haisi moja: dereva alipwe mshahara, na alipwe kwa maandishi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, mahali pa kazi, saa za kazi na malipo. Wengi wanaliona hili ni la maofisini. Madereva wenyewe hawakuliona hivyo. Walipogoma Aprili 2015 na mabasi yakasimama nchini, mikataba ya ajira ilikuwa moja ya madai yao makubwa, pamoja na kupinga kurudishwa darasani kila leseni inapohuishwa. Na kuna kifungu ambacho madereva wachache wanakijua: mgogoro ukifika mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kuonyesha maelezo hayo ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana ni wake, si wako. Kwa hiyo asikutishe anayesema huna haki kwa kuwa hukusaini kitu.

Ugumu wa njia kama hii ni kwamba tajiri mara nyingi ni mjomba, shemeji au jirani, na kumdai mjomba karatasi kunaonekana kama kumvunjia heshima. Nenda siku ambayo hujagombana naye. Mkute nyumbani, msalimie kama kawaida, halafu mpe karatasi uliyokwisha kuiandika mwenyewe kwa Kiswahili chepesi. Mweleze kwamba ikitokea ajali, maswali ya nani alikuwa mwajiri na kwa masharti gani yatamfikia yeye kwanza. Akikataa mshahara kamili, usiondoke mikono mitupu. Omba mambo matatu yaandikwe. Kwanza, siku pantoni isipofanya kazi au gari likilala gereji, hesabu ipunguzwe au ifutwe. Pili, tairi, breki na taa ni gharama ya mwenye gari. Tatu, faini ya ubovu wa gari ailipe tajiri, na faini ya mwendo uilipe wewe. Sharti hili la tatu linawatuliza matajiri wengi, kwa sababu linaonyesha kwamba huombi kulindwa hata ukikosea.

Mshahara wenyewe usiwe chini ya kima cha chini cha sekta ya usafirishaji. Viwango hubadilika kwa amri ya Serikali, hivyo uliza kiwango cha sasa kwa Afisa Kazi wa mkoa, Musoma.

Kuhusu muda wa kazi, sheria hiyo hiyo inaweka saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Ukiongeza saa za ziada, siku nzima isizidi saa 12, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Baada ya saa 5 mfululizo unastahili mapumziko ya saa 1. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, saa 12 za kupumzika. Sasa pima hayo na maisha ya stendi. Aliyeingiza gari saa mbili usiku hatakiwi kulishika tena kabla ya saa mbili asubuhi, wakati gari la kwanza linapakia kabla jua halijachomoza. Hesabu hiyo haikubali dereva mmoja. Gari linalofanya kazi alfajiri hadi usiku linahitaji wawili wanaopokezana, na mwenye gari ajue hivyo siku anapolinunua. Deiwaka wa kuokoteza stendi mchana, asiyejulikana leseni yake, si mbadala. Ukimwachia usukani na akagonga, wa kwanza kuulizwa ni wewe uliyempa ufunguo.

Leseni tupite haraka. Daraja C2 ni la gari lenye abiria chini ya 15, C1 ni kuanzia 15 hadi 29, C ni 30 na kuendelea. Anayetoka kwenye haisi kwenda kwenye kosta asome kadi ya gari kabla ya kusema ndiyo, kwa sababu siti moja inaweza kukuhamisha daraja. LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, nayo ina mtihani wake wa kuthibitisha madereva wa magari ya biashara. Ukishathibitishwa, utambulisho wako usimwazime mtu.

Gari likaguliwe kabla ya abiria wa kwanza kupanda, si wakati kondakta anapiga kelele. Kanyaga breki injini ikiwa imezimwa, mara kadhaa, hadi pedeli iwe ngumu, kisha ishikilie. Ikizama polepole, kuna mahali mafuta ya breki yanavuja, na safari haipo. Ikiwa imekaa, washa injini huku umekanyaga: pedeli ishuke kidogo. Isiposhuka, boosta haisaidii. Tairi usilitazame kashata tu. Ubavuni, ndani ya alama ya umbo la yai, kuna tarakimu nne. 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri na likawa limekauka mpira. Ukiona nyufa ndogo ndogo ubavuni, likatae, hata kama fundi anaapa.

Mwendo wa basi la abiria usizidi kilomita 80 kwa saa, na penye makazi, palipowekwa alama, kilomita 50. Kibara na senta zote za njiani ni makazi. Kwenye njia hii kishawishi kikubwa ni pantoni: abiria wa Ukerewe wanatazama saa na kukuhimiza kwamba itaondoka. Piga hesabu pamoja nao. Kilomita 50 kwa mwendo wa 80 ni dakika 37 na nusu; kwa mwendo wa 100 ni dakika 30. Unachookoa ni dakika saba na nusu, na ukikuta foleni gatini umeokoa sifuri. Unachopoteza ni nafasi ya kusimama: kwa mwendo wa 100 gari linakula karibu mita 28 kila sekunde, na ng'ombe wanaovushwa barabara jioni hawasomi vibao. Mkoa huu hauhitaji kukumbushwa sana. Septemba 2014 mabasi mawili yaligongana eneo la Sabasaba, wilayani Butiama, kwenye daraja jembamba, na watu zaidi ya 30 walikufa. Daraja likiwa jembamba, mpishe mwenzako hata kama ni zamu yako.

Ukifika gatini, abiria wote washuke kabla gari halijapanda pantoni, na wapande kwa miguu. Asibaki mgonjwa, mama mwenye mtoto wala mzee kwa kumhurumia. Wasaidiwe kushuka wa kwanza na wapewe muda. Mtu aliyefungiwa ndani ya haisi hana njia ya kutoka chombo kikiinama. Panda kwa gia namba moja, vioo vikiwa wazi, ukifuata mkono wa baharia na si wa kondakta wako. Usikanyage breki ghafla kwenye mlango wa pantoni ukiwa umelowa. Ukishapangwa, zima injini, acha gari kwenye gia, vuta hendibreki, weka kabari, kisha na wewe ushuke. Kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa na uwezo wa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na watu zaidi ya 220 walikufa. Baharia akisema pantoni imejaa, imejaa. Usimwombe, usimpe chochote.

Mzigo wa njia hii ni samaki na dagaa. Gunia la dagaa lililolowa ni zito kuliko linavyoonekana, na maji yake yakitiririka mlangoni, ngazi inateleza. Mizigo ya namna hiyo iwekwe kwenye buti au kwenye keria, ifungwe, na kamwe isizibe mlango. Siti ni za watu. Mwenye ndoo ya samaki mapajani asemeshwe kwa adabu: "Mama, naomba ndoo yako tuiweke nyuma, utaikuta." Kondakta anayemfokea mama wa samaki asubuhi ataikosa nauli yake jioni, maana kuna haisi nyingine. Mwanafunzi apakiwe kama abiria yeyote na alipe nauli ya mwanafunzi.

Ikitokea ajali, simama, zima gari, toa waliojeruhiwa, toa taarifa polisi. Kama watu wamekasirika na maisha yako yako hatarini, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ujisalimishe. Usikimbilie kwa ndugu. Ukiumia wewe au kondakta wako mkiwa kazini, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao anayeuchangia ni mwajiri peke yake. Akikukata mshahara kwa ajili yake, anakuibia. Mwambie tajiri mapema kwamba umeumia, kwa ujumbe wa simu unaobaki, na hifadhi fomu ya polisi namba 3 na karatasi za hospitali.

Akikuachisha kazi kwa sababu ya kuumia, au kwa sababu ulikataa kupakia kupita kiasi, lalamiko lako lipeleke Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60. Siku zinahesabiwa hata wakati wazee wanaendelea kuwasuluhisha nyumbani, kwa hiyo jaza fomu kwanza, kisha kaeni na wazee.