UKUTA WA MBAO NA ADUI ZAKE
Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika sehemu zetu za baridi, kama Molo, Elburgon, Limuru na Kinangop, nyumba nyingi zimevikwa mbao kwa nje. Mbao hizo hutoka katika misitu iliyopandwa ya saipresi na msonobari, miti ambayo asili yake ni Mexico na nchi za jirani, lakini imeipenda sana hewa yetu. Mtu asiyeweza kununua mbao hununua mabanzi, yaani vipande vya pembeni vinavyobaki gogo linapopasuliwa.

Hata hivyo watu wengi huidharau nyumba ya mbao. Husema ni nyumba ya kungojea pesa za mawe. Mimi naona kwamba mbao zinasingiziwa. Ukuta wa mbao ukijengwa kwa akili waweza kudumu kuliko aliyeujenga, na katika makala hii nitaeleza namna yake, ili mzazi asomaye gazeti letu apate faida kabla ya kutoa fedha zake.

Yafaa kwanza tujue kwamba ubao hauozi kwa uzee. Huozeshwa na kuvu, na kuvu hawezi kuishi pasipo maji. Ubao ambao unyevu wake haufiki sehemu 20 kwa kila 100 za uzito wake mkavu hauwezi kuliwa naye. Kwa hiyo kazi yote ya fundi ni kuuweka ubao mkavu, na ukilowa, ukauke upesi.

Ushahidi uko Norway. Huko Borgund kuna kanisa la mbao lililojengwa karibu na mwaka 1180, nalo lingali limesimama katika nchi ya mvua na theluji. Makanisa mengi yaliyotangulia yalikuwa na nguzo zilizochimbiwa ardhini, nayo yakaoza miguu yakatoweka. Mafundi waliofuata walilaza boriti juu ya mawe, wakasimamisha nguzo na mbao juu ya boriti hizo, kisha kuta zikapakwa lami ya msonobari mara kwa mara. Tofauti kubwa ilikuwa pale mti ulipokanyaga.

Sasa na tutazame sheria zenyewe.

1. Miguu. Ubao wa chini kabisa usiguse udongo. Msingi wa mawe uinuke, na kati ya ardhi na ubao pawe na inchi 8 au zaidi, kwa sababu mvua ikipiga chini hurusha matope ukutani. Katika sehemu zenye joto yuko pia mchwa. Yeye haupendi mwanga, basi hujenga njia ya udongo juu ya msingi mpaka aufikie mti. Weka bati juu ya msingi, chini ya boriti, kingo zake zitokeze inchi 2 na kukunjwa kuelekea chini. Bati halimwui mchwa, lakini humlazimisha apite mahali tunapoweza kumwona.

2. Paa. Paa litokeze mbele ya ukuta futi 2, hasa upande unaopigwa na mvua. Mfereji wa bati huukinga ukuta, na tena hutupa maji ya kunywa.

3. Hewa. Kama nyumba imefunikwa ndani pia, pigilia kwanza vibao vyembamba vya inchi 1 juu ya nguzo, kisha mbao za nje juu ya vibao hivyo. Hapo patakuwa na nafasi nyuma ya mbao, na hewa itaingia chini na kutokea juu. Ziba matundu kwa wavu wa waya ili panya wasiingie. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini katika ukuta wa mbao uko ufa mmoja ambao ukiuziba ndipo utajenga ukuta upya, nao ni huo wa hewa.

4. Mbao na misumari. Ubao mbichi hupungua upana ukikauka. Basi mbao zipangwe kivulini, zitenganishwe kwa vijiti, zikae miezi kadhaa. Zikilazwa, kila ubao ufunike ule wa chini yake kwa inchi 1 na robo. Msumari upite juu kidogo ya ukingo wa ubao wa chini, usizitoboe mbao mbili pamoja, kwani zikipungua zikiwa zimefungwa hupasuka. Mabanzi yaambuliwe maganda kwanza, maana chini ya maganda ndimo wadudu hujificha na maji hukaa.

5. Rangi na dawa. Vichwa vya mbao, pale zilipokatwa, hunywa maji kuliko mahali pengine popote, lakini mafundi wengi husahau kuvipaka. Wengine hupaka oili chafu ya magari. Oili hiyo haiingii ndani sana, ina sumu, tena huwaka. Ni afadhali rangi ya mafuta juu ya ubao mkavu. Na mabaki ya nguzo zilizotiwa dawa ya kijani yasipikiwe kamwe, maana moshi wake una sumu kali.

6. Moto. Huyu ni adui wa kweli. Baada ya London kuteketea mwaka 1666, sheria ya mwaka 1667 iliamuru kuta za nje zijengwe kwa matofali au mawe. Kwetu yatosha jiko la kuni liwe mbali na ukuta wa mbao, na nyumba zisibanane.

Faida ya mambo haya nimeiona nyumbani. Nyumba ya nyanya yangu ilivikwa saipresi zamani. Mwaka jana mbao za chini za upande wa mvua zilikuwa laini hata kisu kikazama. Baba akaazimu kuuza ng'ombe anunue mawe. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yanayolipa karo yangu, kwa hiyo usiku huo sikulala vizuri. Fundi mmoja mzee aliyeitwa kupima ukuta mpya alichoma kisu katika kila ubao toka chini hadi juu, kisha akamwambia baba, "Ndugu yangu, mbao mbili tu ndizo mbovu. Hizi nyingine ni nzima kuliko mimi. Muache ng'ombe wako."

Tuliona kwamba udongo wa bustani ulikuwa umerundikana mpaka ukazifunika mbao hizo. Tuliuondoa, tukapigilia mbao mbili za kiini cha mtarakwa, mti ambao kuvu na mchwa hawauwezi kwa urahisi, na tukapaka vichwa vyake rangi. Ng'ombe yuko zizini, nami niko darasani.

Basi wenzangu, tufungapo shule, kila mwenye nyumba ya mbao kwao achukue kisu na jembe. Achome ubao wa chini katika kila upande, na aondoe udongo wote unaougusa. Ni kazi ya asubuhi moja, nayo yaweza kuwaokolea wazazi wetu gharama ya ukuta mzima.