Chozi la Heri: Kambi kama Mandhari

Watahiniwa wengi huandika kwamba kambi ya wakimbizi wa ndani ni mahali alikokimbilia Ridhaa, kisha huruka hadi hoja nyingine. Alama hupotea hapo. Jiulize: Assumpta Matei anaitumia kambi kufanya kazi gani?

Msomaji wa Nakuru hahitaji kuelezwa sana. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, maelfu ya watu walijazana katika Uwanja wa Maonyesho mjini humo, wengi wao wakiwa hawajuani. Wapo waliobaki kwenye hema hata baada ya mkataba wa amani wa Februari 28, 2008.

Sasa rudi riwayani. Ridhaa ni daktari, mtu wa mali, lakini kambini hadhi hiyo haimfai kitu. Mkewe Terry ameteketea nyumbani pamoja na jamaa zao; Mwangeka yuko ng'ambo. Anayeshiriki machungu yake ni Kaizari, ambaye mkewe Subira alijeruhiwa na binti zake, Lime na Mwanaheri, wakanajisiwa. Hapo pana kinaya kikali: aliyewachoma ni Mzee Kedi, jirani wa miaka mingi, na faraja inatoka kwa mwathiriwa mwenzake.

Hata hivyo, usidai kwamba mateso yamefuta ukabila. Subira anabaguliwa na mama mkwe kwa kuwa wa kabila jingine. Mtahini hufurahia jibu linaloona pande zote mbili.

Zoezi: Eleza jinsi mandhari ya kambi yanavyokuza maudhui ya utengano. (alama 10)