Mtoto Anayekaa Kando

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwa. 25:27, 1 Fal. 19:1–21, Lk. 5:16, Rum. 15:7.

Fungu la kukariri: Warumi 15:7 (kila mmoja alisome katika Biblia yake).

Ni alasiri ya Sabato katika kanisa moja la Buzuruga, jijini Mwanza. Barabarani daladala zinapiga honi. Uani watoto wamesimama duara, wakishindana kutaja vitabu vya Biblia. Mvulana wa miaka tisa ameketi peke yake juu ya jiwe, akichora chini kwa kijiti. Mwalimu anamshika mkono na kumwingiza katikati ya duara: "Leo lazima na wewe useme." Wenzake wanacheka. Mmoja anamwita bubu; mwingine anasema anaringa. Sabato inayofuata mvulana haji.

Mwalimu alikusudia mema. Kosa lake ni kwamba alimvuta mtoto kabla ya kumwuliza.

Utulivu si dhambi

Soma Mwanzo 25:27 na Luka 5:16. Yakobo na Esau walizaliwa siku moja, lakini mmoja alipenda nyika na mwingine alikaa hemani. Yesu mwenyewe, aliyependa watu kuliko wote, alikuwa na desturi ya kujitenga mahali pasipo watu ili aombe. Kwa nini basi tunamwona mtoto mtulivu kama mgonjwa wa kuponywa?

Sababu tatu za kukaa peke yake

Mwaka 1990 mtafiti wa saikolojia Jens Asendorpf alionyesha kwamba watoto wanaojitenga hawafanani. Wako wanaofurahia kuwa peke yao, ingawa wakialikwa hucheza vizuri. Wako wenye haya, wanaotamani kucheza lakini wanaogopa. Wako pia wanaowakwepa wenzao kabisa. Zaidi ya hao, wako waliosukumwa nje na wenzao. Kwa macho wote wanaonekana sawa: mtoto mmoja juu ya jiwe.

Ellen White alijua uchungu wa kusukumwa nje. Akiwa na miaka tisa hivi, huko Portland, Marekani, msichana wa shule yake alimpiga jiwe usoni. Jeraha liliharibu sura yake, na baadaye alisimulia jinsi alivyoumia wenzake walipomtendea tofauti kwa sababu hiyo. Yeye hakuchagua upweke.

Jinsi Mungu alivyomtendea Eliya

Soma 1 Wafalme 19:3–21. Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaenda jangwani peke yake. Mungu hakumkaripia mbele ya watu. Kwanza alimwacha alale, akampa mkate na maji. Kisha alimwuliza anafanya nini pale, akamsikiliza. Akamwuliza tena, akamsikiliza tena. Alisema naye kwa sauti ya utulivu. Mwisho alimpa Elisha. Alimjulisha kwamba wako waaminifu elfu saba, lakini wa kutembea naye alimpa mmoja tu.

Huo ndio utaratibu wa kufuata darasani. Mwalimu amwendee mtoto, akae naye, amwulize akiwa peke yake. Anayependa utulivu apewe kazi inayomfaa: kupanga vitabu vya nyimbo, kuchora picha ya somo. Mwenye haya atafutiwe mwenzake mmoja mpole, si kundi zima. Aliyesukumwa nje atetewe, na waliomwita bubu wafundishwe kwamba kumpokea mwenzako si kumfanya afanane nawe.

Tahadhari: mtoto aliyekuwa mchangamfu akijitenga ghafla, asiachwe kwa kusema "ndivyo alivyo." Huenda amefiwa, anapigwa, au anatendewa ukatili. Asikilizwe, na ikibidi msaada utafutwe katika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa simu ya huduma kwa mtoto, namba 116.

Maswali ya kujadili

1. Katika darasa lenu la watoto, ni nani hukaa kando? Je, kuna anayejua sababu?

2. Kwa nini Mungu alimwuliza Eliya swali ambalo jibu lake alilijua?

3. Mvulana wa Buzuruga hajarudi. Ni nani aende nyumbani kwao, na atakapofika aanze na neno gani?