Gari la Bei ya Kuanzia: Somo la Hesabu Kutoka Soko la India

WANUNUZI wengi wa magari huuliza swali moja tu wanapofika dukani: bei gani? Mfanyabiashara makini huuliza matatu: bei gani, kwa nini bei hiyo, na gari hili litakuwa limenigharimu kiasi gani mpaka siku nitakapoliuza?

Katika somo hili tunachukua gari moja, Audi Q3 ya petroli iliyoingizwa katika soko la India Februari 2017, tuone jinsi kampuni inavyopanga bei ya kuanzia na jinsi mnunuzi anavyopaswa kuipima. Tumechagua India kwa sababu huko hesabu ya petroli na dizeli ilipinduka katika muda mfupi sana, na waliochelewa kuirudia hesabu hiyo waliumia mfukoni.

Gari lenyewe

Q3 ni gari dogo la kifahari, refu kwa kimo kuliko saluni, lakini si gari la kwenda porini. Toleo lake la kwanza lilionyeshwa Shanghai mwaka 2011 na kuanza kutengenezwa Martorell, Hispania. Magari ya soko la India yaliunganishwa nchini humo humo, Aurangabad.

Toleo la bei ya kuanzia la mwaka 2017 lilikuwa na injini ya petroli yenye turbo, ujazo wa cc 1395, nguvu za farasi 150 na msukumo wa Nm 250. Giaboksi yake ilikuwa ya klachi mbili na gia sita zinazojibadili zenyewe. Nguvu ilikwenda kwenye magurudumu ya mbele tu. Bei yake mjini Delhi, kabla ya usajili na bima, ilikuwa rupia 3,220,000. Wahindi wangesema laki 32.2, na sisi pia neno hilo laki tunalo, maana mahesabu yetu na yao yamekutana pwani kwa karne nyingi.

Linganisha na dizeli ya juu ya gari hilo hilo: injini ya cc 1968, nguvu za farasi 184, msukumo wa Nm 380, na magurudumu yote manne yakivuta. Hapo ndipo linapopatikana fundisho la kwanza. Kampuni inapotaka kushusha bei haigusi kile ambacho jirani yako anakiona. Pete nne za mbele zilibaki, na umbo likabaki lile lile. Kilichopunguzwa ni kile kilicho chini ya boneti na chini ya sakafu. Kwa hiyo anayenunua toleo la kuanzia analipia jina karibu kwa ukamilifu, na anapata punguzo kwenye mitambo. Hilo si kosa, ilimradi mnunuzi ajue ndivyo anavyofanya.

Enzi ya dizeli

Miaka michache kabla ya hapo mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 2013 mlango wa kuingilia kwenye Q3 nchini India ulikuwa dizeli. Toleo hilo liliitwa Q3 S, lenye gia za mkono na kuvuta kwa magurudumu ya mbele, kwa bei ya rupia laki 24.99.

Sababu ilikuwa kwenye kituo cha mafuta. Serikali ya India iliacha kupanga bei ya petroli Juni 2010, lakini ikaendelea kuibeba dizeli kwa ruzuku. Mwezi Mei 2012 lita ya petroli mjini Delhi ilifika rupia 73.18 wakati dizeli ilikuwa rupia 40.91. Pengo lilizidi rupia 32 kwa lita. Katika hali hiyo, hata tajiri aliyeweza kununua gari la kifahari aliona uchungu kujaza petroli.

Upepo wageuka

Mambo matatu yalifuatana kwa haraka.

La kwanza, Oktoba 2014 serikali ya India iliiachia pia bei ya dizeli ifuate soko. Kufikia Januari 2017 lita ya petroli Delhi ilikuwa kama rupia 71 na dizeli kama 59. Pengo la rupia 32 lilikuwa limeshuka hadi 12.

La pili, moshi wa Delhi uliifikisha dizeli mahakamani. Aprili 2015 mahakama ya kitaifa ya mazingira iliagiza magari ya dizeli yaliyozidi miaka 10 yaondolewe barabarani katika eneo la mji mkuu, na Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ikaunga mkono. Gari la petroli lilipewa miaka 15. Kabla ya hapo, Desemba 2015, Mahakama ya Juu ilikuwa imezuia kabisa usajili wa magari mapya ya dizeli yenye injini za cc 2000 na zaidi Delhi na viunga vyake. Zuio hilo liliondolewa Agosti 2016, kwa sharti la kulipa tozo ya asilimia 1 ya bei.

La tatu, Septemba 2015 ilifichuka nchini Marekani kwamba kundi la Volkswagen, ambalo Audi imo ndani yake, liliweka programu za kudanganya vipimo vya moshi katika magari ya dizeli. Sifa ya dizeli ikaingia doa dunia nzima.

Basi kampuni iliyokuwa imetegemea dizeli katika soko hilo ilihitaji petroli ya bei nafuu ghalani mwake. Q3 ya cc 1395 haikuwa zawadi kwa mnunuzi. Ilikuwa bima ya muuzaji dhidi ya amri nyingine ya mahakama.

Mstari wa cc 1500

Lakini kwa nini injini hiyo na si nyingine? Jibu liko kwenye kitabu cha kodi.

Tarehe 1 Julai 2017 India iliunganisha kodi zake nyingi kuwa Kodi ya Bidhaa na Huduma. Magari yaliwekewa asilimia 28, na juu yake tozo. Septemba mwaka huo tozo hizo zilipandishwa kwa madaraja. Gari la ukubwa wa kati, lenye injini isiyozidi cc 1500, lilitozwa jumla ya asilimia 45. Gari kubwa lilitozwa asilimia 48. Lile refu lenye injini iliyozidi cc 1500 na kimo cha milimita 170 au zaidi kutoka ardhini lilitozwa asilimia 50.

Injini ya cc 1395 inapita chini ya mstari. Ile ya cc 1968 haiwezi. Tuchukue mfano wa gari lenye thamani ya rupia 2,000,000 kabla ya kodi. Kwa asilimia 45 linafika rupia 2,900,000, na kwa asilimia 50 linafika rupia 3,000,000. Tofauti ya laki nzima imezaliwa na ukubwa wa injini peke yake. Muuzaji anaweza kuishusha kwenye bei, au kuiweka mfukoni mwake kama faida. Mara nyingi hufanya yote mawili kidogo kidogo.

Hesabu ya kilomita

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Mnunuzi aliyesimama kati ya petroli na dizeli anahitaji mstari mmoja tu wa hesabu: chukua tofauti ya bei ya kununulia, gawa kwa tofauti ya gharama ya mafuta kwa kilomita moja. Jibu ni idadi ya kilomita unazopaswa kwenda kabla dizeli haijarudisha fedha yako.

Tuseme dizeli ni ghali kwa rupia 200,000 zaidi. Tuseme pia kwamba katika matumizi ya kawaida petroli inakwenda kilomita 12 kwa lita na dizeli kilomita 16, na mwenye gari huenda kilomita 12,000 kwa mwaka. Takwimu hizi ni za mfano. Msomaji aweke za kwake.

Kwa bei za Mei 2012, petroli inakula rupia 6.10 kwa kilomita na dizeli rupia 2.56. Tofauti ni rupia 3.54. Fedha inarudi baada ya kilomita 56,500 hivi, yaani chini kidogo ya miaka mitano.

Kwa bei za mwanzoni mwa 2017, petroli ni rupia 5.92 na dizeli 3.69. Tofauti ni 2.23. Sasa zinahitajika kilomita 89,700 hivi, karibu miaka saba na nusu.

Mwezi Juni 2020 jambo ambalo halijawahi kutokea lilitokea: bei ya dizeli Delhi iliipita ya petroli. Tuweke zote mbili rupia 80. Petroli ni rupia 6.67 kwa kilomita, dizeli 5.00, tofauti 1.67. Hapo zinahitajika kilomita 120,000, yaani miaka 10 kamili. Na miaka 10 ndiyo umri ambao dizeli ya Delhi iliagizwa kuondoka barabarani. Kwa maneno mengine, mnunuzi huyo angemaliza kurudisha fedha yake siku ile ile gari linapokoma kutumika. Faida ni sifuri, na bei ya kuuzia imekwisha.

Ndiyo maana tunasema uchumi wa mafuta usipimwe kwa kilomita ngapi kwa lita peke yake. Upimwe pamoja na bei ya lita, mwendo wa mwaka, na umri ambao sheria inakuruhusu.

Yaliyofuata

Tarehe 1 Aprili 2020 India ilianza kutumia kiwango kikali zaidi cha moshi, BS-VI. Audi ikaacha kuuza dizeli nchini humo. Toleo la pili la Q3 lilipofika Agosti 2022 lilikuwa la petroli tupu, lakini si petroli ndogo tena: injini ya lita 2.0, nguvu za farasi 190, magurudumu manne yakivuta. Bei ya kuanzia ikawa rupia laki 44.89, ongezeko la asilimia 39 juu ya ile ya 2017. Mlango ulibaki pale pale, kizingiti kikapandishwa.

Na tarehe 22 Septemba 2025 madaraja yale ya kodi yalifutwa. Magari madogo yakawekwa kwenye asilimia 18, makubwa yote kwenye asilimia 40. Mstari wa cc 1500 ambao ulikuwa na thamani ya laki nzima katika mfano wetu ukapoteza maana.

Kwa soko letu

Q3 za toleo la kwanza zinazoonekana Dar es Salaam na Nairobi kwa kawaida ni mitumba yenye usukani wa kulia kutoka Japani na Uingereza. Mnunuzi wa hapa asinakili hesabu ya Delhi, achukue kanuni yake.

Tanzania hutoza ushuru wa bidhaa kwa ujazo: injini zisizozidi cc 1000 hazitozwi, za cc 1001 hadi 2000 hutozwa asilimia 5, na zaidi ya hapo asilimia 10. Kwa hiyo Q3 ya cc 1395 na ile ya cc 1984 ziko daraja moja, na udogo wa injini hauleti nafuu yoyote ya ushuru huo. Kenya iliweka mstari wake kwenye cc 1500, na huko injini ndogo ina faida. Lakini Kenya pia hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane, na toleo la kwanza la Q3 liliacha kutengenezwa 2018. Mnunuzi wa Nairobi sasa analitafuta zaidi miongoni mwa yale yaliyokwisha sajiliwa.

Aidha, mtumba wa kifahari haulipiwi kwa bei ya kununulia tu. Kabla ya kutoa malipo ya awali, jiulize:

1. Je, giaboksi ya klachi mbili imebadilishwa oili kila kilomita 60,000 hivi, na ipo kumbukumbu ya maandishi?

2. Mkanda wa injini una hali gani? Injini hii hutumia mkanda, si mnyororo.

3. Yuko fundi mwenye mashine ya kusoma gari hilo katika mji unaoishi, au itabidi lisafirishwe?

4. Petroli ya oktani 95 inapatikana katika njia zako za kila siku?

5. Utakwenda kilomita ngapi kwa mwaka, na utaliuza baada ya miaka mingapi?

Asiyeweza kujibu la tano hana haja ya kubishana juu ya petroli na dizeli, kwa sababu hajui anagawa nini kwa nini.

Kwa kumalizia, bei ya kuanzia ni bei ya kuingilia tu. Waliopata faida katika soko la India ni wale waliorudia hesabu kila sheria au bei ya mafuta ilipobadilika. Kalamu na karatasi kabla ya kwenda dukani ni rahisi kuliko spea yoyote utakayoinunua baadaye.