Chujio Jepesi la Kupanda Nalo Mlimani

Kwenye njia ya Machame, Kilimanjaro, maji ya mwisho hupatikana bonde la Karanga. Kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu, haina chanzo cha maji. Yote hupandishwa na wapagazi. Kama nyumbani kuna kijana anayejiandaa kwa safari kama hiyo, msaidieni kuchagua chujio kabla muuzaji hajamchagulia.

Dukani wengi huulizia uzito. Machujio mengi ya kufunga kwenye mdomo wa chupa hayafiki gramu 100, hivyo hapo hakuna cha kubishania. Ulizeni matundu. Ndani mna nyuzi nyembamba zenye uwazi kati, na maji hupenya kwenye kuta zake kwa matundu ya mikroni 0.1 au 0.2. Bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo hunaswa, amiba na giadia pia. Virusi hupita: kile cha homa ya ini aina ya A ni kama mikroni 0.03 tu.

Kwa hiyo maji ya mto unaopita chini ya vyoo vya kambi yachujwe, kisha yachemshwe. Juu ya mita 2,000 yaache yatokote dakika 3, kwani huko huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Gesi ikiisha, tumia vidonge vya klorini kwa kipimo na muda ulioandikwa kwenye pakiti, baada ya kuchuja, maana tope hula dawa.

Floridi nayo haizuiliki. Maji mengi ya kando ya Mlima Meru yanayo kwa wingi, ndiyo yanayotia meno rangi ya kahawia, na kuyachemsha hakuiondoi.

Adui mkubwa wa chujio ni baridi. Likishatumika, hubaki na maji ndani. Yakiganda usiku hutanuka na kupasua nyuzi. Kwa macho huoni kitu, na asubuhi maji hutoka kama kawaida, vijidudu vikiwamo. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki, ulale nalo ndani ya mfuko wa kulalia. Likiganda, litupe, hata kama ulilinunua kwa bei mbaya.

Mtiririko ukipungua, sukuma maji safi kinyume kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Chupa ya maji machafu iwekee alama, na ufute shingo yake kabla ya kufunga chujio: tone moja linaloning'inia pale linatosha kukuharisha.