KAREMA: NYUMBA ZA KALE NI KITABU

Katika somo hili tutasoma habari za Karema. Karema iko kando ya Ziwa Tanganyika, mkoani Katavi. Toka Mpanda mjini hadi huko ni zaidi ya kilomita 100, upande wa magharibi. Wengi wetu tunaijua kwa samaki na bandari. Lakini Karema ina historia ya nyumba za kale pia.

Ngome
Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alifika Karema akajenga ngome, yaani nyumba ya kujikinga na adui. Alitumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Pili. Chama hicho kilisema eti kinataka kuchunguza nchi na kukomesha biashara ya watumwa. Kumbe Leopold alitaka koloni! Mwaka 1885 akajitwalia Kongo. Mwaka huo huo Wabelgiji wakawaachia Mapadri Weupe ngome ya Karema, ikawa misheni.

Daktari Atiman
Mwaka 1889 alifika Adrian Atiman, Mwafrika kutoka upande wa Mto Niger. Utotoni aliibwa akauzwa utumwani. Mapadri wakamkomboa, akasomea udaktari huko Malta. Aliwatibu watu wa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Hebu tuhesabu: 1956 toa 1889, tunapata miaka 67.

Ziwa
Ngome ilipojengwa, maji yalikuwa karibu. Mto Lukuga, upande wa Kongo, ulikuwa umezibuka. Maji yakatoka kwa wingi, ziwa likashuka, ufuko ukasogea mbali na ngome. Basi, ngome ile inatufundisha jambo: mahali pakavu leo, zamani palikuwa karibu na maji. Na maji hurudi. Mwaka 2021 ziwa lilipanda, likaingia katika nyumba za watu huko Burundi. Kwa hiyo anayetaka kujenga ufukoni awaulize wazee kwanza.

Tuzitunzeje?
Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo ya kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo hulindwa kwa sheria hiyo likitangazwa na Waziri. Lakini mlinzi wa kwanza ni mwanakijiji mwenyewe. Tusichukue matofali ya kale kujengea jiko. Leo tofali moja, kesho jingine, mwisho ukuta chini! Paa likitoboka lizibwe mapema, maana mvua hulegeza ukuta. Miti isiachwe kuota ukutani, kwani mizizi hupasua. Uwanja ulio mbele ya nyumba ufagiliwe, ipandwe miti ya kivuli, watu wapumzike na watoto wasimuliwe.

Tuwatazame wenzetu wa Ujiji, Kigoma. Mahali walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871 pamekuwa uwanja wa kumbukumbu wenye miembe, na wageni huja kupatazama. Daktari Atiman naye anastahili kukumbukwa, au siyo?

Kitabu kikichanika huchapwa kingine. Nyumba ya kale ikibomoka, imekwenda.

Maswali ya kujadiliana
1. Ngome ya Karema ilijengwa mwaka gani, na nani?
2. Kwa nini ufuko ulisogea mbali na ngome?
3. Kijijini kwenu kuna nyumba au mti gani wa kale? Nani anautunza?