Gharama ya Kuchimba Lambo Huko Garsen

Mto Tana hufurika hata siku ambazo mbingu ya Garsen haina wingu, kwa kuwa maji yake hutoka mbali, katika milima ya Kenya na Nyandarua. Lakini kilomita chache kutoka ukingoni, ifikapo Septemba, nchi hukauka kabisa, na akina mama hubeba madumu mwendo mrefu. Tena, tangu bwawa la Masinga lilipokwisha kujengwa mwaka 1981, mafuriko ya kadiri yaliyokuwa yakilowesha mashamba ya mpunga hayaji tena kwa mazoea ya zamani. Ndiyo sababu wenye mashamba wengi hutaka kujichimbia lambo, ambalo wengine huliita silanga, nao huuliza: Litagharimu kiasi gani? Kwa kawaida jibu wanalopewa ni gharama ya shimo tu. Maji yatakayosalia ndani ya shimo hilo wakati wa kiangazi hayahesabiwi.

Natutazame mfano mmoja. Mtu apima mraba wa mita 20 kila upande, akusudia kina cha mita 3. Kuta haziwezi kusimama wima, maana zitaporomoka mvua ya kwanza. Kwa hiyo kila ashukapo mita moja huingia ndani mita moja na nusu, na chini hubaki mraba wa mita 11. Udongo utakaotolewa ni mita za ujazo 740 hivi. Mtu mwenye nguvu, kwa sururu na koleo, akitoa mita 2 za ujazo kwa siku amefanya kazi ya haki. Basi kazi hiyo ni siku 370 za mtu mmoja, au siku 19 za watu 20. Hesabu hiyo izidishwe kwa ujira wa mahali penyewe: tuseme kibarua ni shilingi 500 kwa siku, jumla itakuwa shilingi 185,000, bila chakula wala vyombo. Mashine huimaliza kazi hiyo kwa siku chache, lakini mwenyewe hudai malipo kwa saa, na safari ya kuileta kutoka Malindi au Hola hulipwa pia. Yafaa kuuliza bei zote mbili. Udongo mweusi wa Tana wakati wa jua ni mgumu kama jiwe na wakati wa mvua hunata kwenye koleo. Majuma machache baada ya mvua kupungua ndiyo yaliyo mepesi kwa mchimbaji.

Mtu akiona jumla hiyo huogopa, akasema, "Nitachimba mita moja tu, lakini nitapanua." Hapo ndipo hasara huanzia. Katika nchi yenye joto kama ile, jua na upepo huweza kunyonya milimita 6 za maji kwa siku. Katika siku 150 za kiangazi ni sentimita 90. Lambo la kina cha mita moja, hata liwe pana namna gani, litabaki na tope. Lile la mita 3 lililojaa litapoteza mita za ujazo kama 310, na zaidi ya 400 zitasalia, yaani debe 21,000 hivi. Udongo uliochimbwa ni ule ule, na ujira ni ule ule.

Jambo la pili ni sakafu. Mto Tana umehamahama mara nyingi, ukiacha mchanga wa mikondo ya kale chini ya udongo wa mfinyanzi. Juu pote huonekana pema, kumbe mita 2 chini kuna mchanga, na maji hupotea usiku kucha pasipo mtu kuyanywa. Kwa hiyo, kabla ya kumwita kibarua hata mmoja, yachimbwe mashimo madogo manne penye pembe za lambo, yapite kina kilichokusudiwa, yajazwe maji jioni na kutazamwa asubuhi. Udongo wa chini ukilowanishwa na kufinyangwa, sharti ushikamane kama wa mfinyanzi wa vyungu. Ukimeguka, heri kuhamia mahali pengine. Kuleta mfinyanzi na kuushindilia, au kutandika plastiki nene, huweza kuongeza gharama sana.

Pasisahauliwe njia ya kutolea maji yanayozidi, wala kishimo cha kunasa matope penye mlango wa maji. Udongo uliotolewa usirundikwe ukingoni. Na lambo lisiwekwe bondeni mahali mto upitapo ukifura: mafuriko ya 1997, 2018 na 2023 yaliwahamisha watu wengi, na lambo lililozama hurudi likiwa limejaa tope. Uzio nao una bei. Wengi hukata miti ya mathenge kwa ajili hiyo, nao ni mti ulioletwa Bura miaka ya 1980 na sasa umekuwa adui. Mbegu zake huja na mavi ya mifugo na kuota penye maji, basi ming'olewe ingali michanga.

Limebaki jambo ambalo halimo katika hesabu ya fundi. Ng'ombe hunywa lita 30 hivi kwa siku. Maji yale yaliyosalia yatawatosha ng'ombe 100 kwa siku 140. Wakija ng'ombe 1,000 yatakwisha kwa siku 14. Nao huja, maana wakati wa ukame wafugaji wa Kiorma na Kiwardei hushuka na mifugo yao kutoka bara, wakipita njia za mtoni ziitwazo malka, katikati ya mashamba ya Wapokomo. Tangu Agosti 2012 hadi Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika wilaya hizo, na maji na malisho yalikuwa miongoni mwa sababu. Anayechimba lambo juu ya malka amejichimbia ugomvi. Tena sehemu kubwa ya ardhi ile ni ya jamii, na Sheria ya Maji ya mwaka 2016 humtaka anayechepusha maji ya mto au kuziba mkondo apate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Kwa hiyo mwenye lambo hukaa kwanza na wazee wa pande zote mbili. Hupatana ni mifugo mingapi itakayonywa na siku zipi, na nani atakayezoa matope lambo likikauka. Hori hujengwa nje ya uzio, maji yakavutwa kwa pampu, ili mnyama asikanyage kingo wala kuchafua maji ya nyumbani. Kikao hicho hugharimu mbuzi mmoja na mabirika machache ya chai, nayo yafaa kuandikwa katika daftari juu ya ujira wa wachimbaji, kabla ya sururu ya kwanza.